Kwa Mkono wa Mwanachama Mwenyewe

Walinichagua mimi kuandika katiba mpya kwa sababu ya mwandiko, si kwa kingine. Kidato cha nne nilitoka na divisheni foo ya kuokota, na Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Lakini tangu nikiwa na miaka kumi na sita nilikuwa naandika mabango ya saluni na ya mafundi simu pale Ilala, na herufi zangu zimenyooka. Mwenyekiti alisema mwandiko wa katibu wetu ni kama kuku kapekua, utatuaibisha kule ofisi ya usajili. Watu wakacheka, katibu mwenyewe akacheka, daftari likahamia kwangu.

Nilifurahi, sitaficha. Nilikuwa na miaka ishirini na nne, na mimi ni mtu wa kufurahi haraka. Nikipewa kijiko naona pilau. Siku hiyo nilitembea kutoka Kariakoo hadi nyumbani nikiwaza kwamba miaka hamsini ijayo mtu atafungua katiba ya wachoraji aseme, hii nani aliiandika, mbona imekaa vizuri hivi?

Tulikuwa wachoraji ishirini, na galari yetu iko ghorofani, juu ya maduka ya vitenge. Haina bosi. Kila mwanachama ana kipande chake cha ukuta, hatua mbili na nusu kwa kupima na miguu ya mwenyekiti, na mipaka imechorwa kwa penseli. Ndani ya mipaka hiyo unatundika unachotaka na kuuza unavyojua. Sisi wadogo tuliokuja mwishoni tulikuwa tunagawana kipande kimoja watu wawili. Kwa hiyo ukimwambia mchoraji wa pale kwamba atapoteza ukuta, umemwambia kila kitu. Bila ukuta yeye si mwanachama tena, ni mtu wa kawaida anayepita mtaani.

Katiba ya zamani ilikuwa karatasi moja na nusu, iliyopigwa taipu na waanzilishi. Ilikataza kuja umelewa na kupika ndani ya ukumbi, na ilieleza jinsi ya kupiga kura, basi. Ofisi ikatuambia tulete mpya, yenye sahihi za wanachama wote, la sivyo usajili unakufa. Mwenyekiti akaona ndiyo nafasi ya kuponya kidonda kilichokuwa kinatuuma sote. Baadhi yetu walikuwa hawachori tena. Walikuwa wananunua picha za kufyatua kama matofali, zile ambazo mtu mmoja anachora hamsini kwa wiki, halafu wanatia majina yao chini.

Mmoja wao tulimwita Bwana Twiga. Mbele ya watu wote, dada mmoja anayetengeneza batiki, mwenye ulimi ambao hata wauza vitenge wa chini wanauogopa, alimuuliza, "Kaka, hebu niambie, hawa twiga wako tisa ni mapacha?"

"Ni ukoo mmoja," akajibu.

"Ukoo ambao wote wana kovu shavu la kushoto?"

Tulicheka hadi mwenyekiti akagonga meza. Akanigeukia mimi, "Andika kifungu cha kuzuia mambo haya. Kiandike kiume."

Nilikaa na kifungu hicho siku nne. Nikakipata nikiwa nimesimama kwenye foleni ya maji, na nusura nipige kelele. *Kila kazi itakayotundikwa katika galari iwe imetengenezwa kwa mkono wa mwanachama mwenyewe. Atakayekwenda kinyume atapoteza ukuta wake.* Nilikisema kimoyomoyo nikiwa na ndoo kichwani. Kilikuwa na mdundo.

Sasa nimtaje mwalimu wangu.

Alikuwa mmoja wa waanzilishi, na wa mwisho kati yao aliyebaki galari. Zamani alikuwa mchukuzi wa mizigo Kariakoo, ndipo akaanza kuchora wachukuzi wenzake kwenye vipande vya mbao za maboksi kwa rangi za mafuta, zile za kupakia mageti. Hajawahi kuchora kitu kingine. Mikokoteni, migongo, magoti. Mimi nilipoingia kikundini sikujua hata kushika brashi ndogo, nilizoea ya mabango, na yeye ndiye aliyenichukua bila kuombwa. Ni mtu wa maudhi. Alikuwa akiniita fundi hata nilipokuwa nimeharibu, hasa nilipokuwa nimeharibu.

Miaka miwili kabla ya mambo haya alipata kiharusi. Upande wa kulia ukalala. Mguu ulirudi kidogo, mkono haukurudi. Kwenye wiki ya tatu nikamkuta chumbani kwake kule bondeni, upande wa Jangwani, ana mbao mbele yake aliyoanza kabla ya kuumwa, ameikodolea macho tu. Nikamwambia, "Mwalimu, niambie kinachofuata." Akaniambia. Nikapaka.

Ndivyo ilivyoanza, na ikawa mchana, siku tatu kwa wiki. Yeye anakaa kwenye kiti cha plastiki, mimi chini na mikebe ya rangi. Rangi alizitaja kwa nguo, kwa sababu anajua kwamba mama yangu anauza mitumba Mchikichini na nimekulia kwenye marobota. "Bluu. Si hiyo, bluu ya jinzi iliyofuliwa sana." "Njano ya fulana ya mgombea." "Huyu wa nne mpe goti bovu. Siyo hivyo, hilo ni goti la mwenye afya, wewe hujawahi kuumwa goti?" Kuna siku tulibishana saa nzima kuhusu kivuli cha gurudumu, na mwisho aliniambia nina kichwa kigumu kama cha marehemu mkewe, na nikajua kwamba nimesifiwa.

Picha zilitundikwa kwenye ukuta wake, zenye jina lake. Jina nalo niliandika mimi. Kila Jumamosi alipanda zile ngazi kwa dakika ishirini, akakaa chini ya picha zake, watu wakampa shikamoo. Galari nzima walijua nani alikuwa anashika brashi. Hakuna aliyesema. Na mimi, mtanisamehe kwa hili, nilikuwa hata sioni kama kuna la kusema. Picha zile zilikuwa zake. Goti ni lake, bluu ni yake. Mimi nilikuwa kama ngazi, na mtu akipanda darini husemi ngazi ndiyo iliyopanda.

Kwa hiyo nilipokipata kile kifungu, mtu wa kwanza niliyemkimbilia kumsomea ni yeye.

Nilisoma nikiwa nimesimama, brashi mkononi, kama mtoto anayeghani shairi shuleni. Akasema, "Soma tena."

Nikasoma tena, sasa kwa mbwembwe.

"Hivyo ndivyo ulivyoamua?"

"Ndiyo, mwalimu. Si imekaa vizuri?"

Akaangalia mbao iliyokuwa katikati yetu, mkokoteni wenye gurudumu moja tu, la pili bado. "Imekaa," akasema. Halafu akaniambia nioshe brashi, ingawa jua lilikuwa bado juu. Nikadhani kachoka. Njiani nilikuwa naimba.

Mkutano ulikuwa Jumapili alasiri. Nilisoma rasimu yote, kifungu kwa kifungu, na nilipofika kwenye changu niliinua macho ili niwaone nyuso zao. Walipiga makofi. Dada wa batiki alipiga kigelegele cha kumchoma Bwana Twiga. Mwenyekiti akauliza wanaokubali, mikono ikapanda msitu mzima, na wangu ndani yake.

Bwana Twiga akasimama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Alikuwa anatabasamu.

"Sawa," akasema. "Twiga wangu nawashusha leo hii. Sasa mikokoteni ya mzee ataishusha nani?"

Nje spika ya duka ilikuwa inapiga kelele, elfu tano tano, chagua mwenyewe.

"We mwanaume huna haya," dada wa batiki akasema.

"Haya ninayo. Nauliza swali. Muulizeni mwandishi, si yupo hapo? Mikokoteni hii ni mkono wa nani?"

Nikasema, "Picha ni zake."

"Sijauliza picha. Nimeuliza mkono."

Nilitaka kujibu. Naapa nilikuwa na jibu, lile la ngazi na dari, lakini halikutoka. Macho yote yalikuwa kwangu, na daftari lilikuwa limefunguka mapajani mwangu, na mwandiko wangu ulisomeka hata kwa aliyekaa mbali. Ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nikamtazama mwalimu. Alikuwa anaangalia dirishani.

Mwenyekiti si mtu mbaya. Aliahirisha. Akaniambia niandike nyongeza, ijadiliwe Jumapili inayofuata.

Wiki ile sikulala vizuri. Niliandika: *Isipokuwa mwanachama mgonjwa au aliyepooza, ambaye anaweza kusaidiwa na mwanachama mwenzake, kwa maelekezo yake.* Haikuwa na mdundo wowote. Nilienda kwa mwalimu Jumanne, mlango umefungwa, jirani akasema kalala. Nilienda tena Alhamisi na ndizi, jirani akasema kalala. Nikaziacha ndizi kwa jirani. Nilikuwa bado naamini yatakwisha vizuri. Niliwapitia wanachama mmoja mmoja, kwenye vibanda vyao, na wengi waliniambia usijali mdogo wangu, mzee ni wetu. Nikawa nahesabu kwa vidole, nikapata ushindi.

Jumapili ikafika. Mwalimu alipanda ngazi, akakaa mahali pake, akaitikia shikamoo yangu bila kuniita fundi.

Mwenyekiti alisoma nyongeza, kisha akasema mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayetoa mwiba, "Mimi nampenda mzee kuliko ninyi nyote. Lakini tukifungua mlango huu, kesho kila mtu hapa atakuwa na kidole kinachouma. Atakuja na cheti cha daktari na twiga kumi na wawili."

Watu waliguna. Nikaona wale walioniambia usijali wanaangalia viatu vyao. Wengine walikuwa wanagawana nusu ukuta kama mimi, na ukuta ukibaki wazi kuna mtu atapata hatua mbili na nusu nzima. Siwalaumu sana. Nilijua hamu ile, nimeishi nayo.

"Wanaokubali nyongeza."

Mikono kumi. Dada wa batiki aliihesabu kwa sauti, mara mbili.

"Wanaokataa."

Tisa. Nilishaanza kutabasamu, na ndipo nilipoona, pale chini ya mikokoteni, mkono wa kushoto wa mwalimu wangu unapanda. Ulipanda polepole, ukasimama.

"Mzee," mwenyekiti akasema, "tunauliza wanaokataa."

"Nimesikia. Kiharusi hakikugusa masikio."

Hakuna aliyecheka. Kumi kwa kumi. Katiba ya zamani, ile ya waanzilishi, ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameitilia sahihi, inasema kura zikilingana, pendekezo limeanguka.

Tulizishusha siku ileile. Picha sita. Nilizibeba mimi, mbili mbili, na ukuta ulibaki na alama sita zilizo safi kuliko mahali pengine. Yeye alishuka akishikilia ukingo wa ngazi, hakutaka bega la mtu. Chini, bajaji ilikuwa inangoja. Nilipanga picha kwenye kiti, nikabakiza nafasi ya mtu mmoja pembeni yake, kwa sababu ya kuzishika zisigongane.

"Ahsante," akaniambia. "Umenisogeza mbali." Akamwambia dereva aondoke.

Nilibaki pale mbele ya maduka ya vitenge. Sikulia. Nilikuwa nimekasirika. Nilimkasirikia kama unavyomkasirikia mtu uliyemwokoa akarudi majini kwa miguu yake.

Ikabaki sahihi. Waliokuwa wanachama siku ya mkutano wote walitakiwa kutia sahihi kwenye nakala safi, na yeye alikuwa mwanachama hadi katiba hiyo ipokelewe. Niliinakili kwa mkono, kurasa sita, bila kosa hata moja. Watu kumi na tisa wakasaini. Mwenyekiti akaniambia, "Kwa mzee nenda wewe."

Nilienda Jumatano. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha, maji ya bonde yalikuwa yamepanda usiku na kushuka asubuhi, yakaacha tope hadi kwenye vizingiti. Chumbani kwake picha sita zilikuwa juu ya kitanda, na yeye kwenye kiti chake, miguu ndani ya tope lililokuwa linaanza kukauka. Sijui alilala wapi. Sikuuliza.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umeleta karatasi."

Nilimpa kalamu, mkono wa kushoto haukuiweza, ikachora mstari hewani. "Dole," akasema. Sikuwa na wino wa dole, nilikuwa nimesahau. Akanionyesha mikebe kwa kidevu. "Ile ya sketi za shule."

Nilifungua mkebe wa bluu iliyoiva, nikapaka kidogo kwenye kitambaa, nikashika dole lake nikalibonyeza kwenye kitambaa na kisha kwenye karatasi, mbele ya jina lake. Likatoka safi sana, na mistari yake yote. Nikaweka karatasi juu ya kiti kingine ikauke. Ndipo nikauliza.

"Kwa nini ulinyoosha mkono?"

"Mimi ndiye wa kuulizwa? Si ulinisomea mwenyewe?"

"Nilikusomea ili usikie ilivyo nzuri."

Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, kisha akaona uso wangu, akaacha.

"Nilikwambia usome tena. Ukasoma tena. Nikakuuliza, hivyo ndivyo ulivyoamua? Ukasema ndiyo." Alikuwa anaongea taratibu, ulimi nao ulikuwa haujapona wote. "Nikasema, huyu mtoto kachoka. Hawezi kuniambia uso kwa uso, mwalimu nimechoka, basi kaliweka kwenye katiba. Nikaona una adabu. Mwingine angeacha kuja tu."

"Sikuchoka."

"Miaka miwili unachora mikokoteni yangu. Yako uliyochora ni mingapi?"

"Sikuchoka, mwalimu. Haki ya Mungu sikuchoka. Nilisahau tu."

"Ulisahau nini?"

"Kwamba ni mkono wangu."

Nje mtu alikuwa anachota tope kwa koleo.

"Na ile ya wagonjwa?" akauliza.

"Nilikuja mara mbili nikueleze. Uliambiwa?"

"Nilikuwa macho. Nilidhani unakuja kuniomba radhi, na mimi sitaki kuombwa radhi na mtoto niliyemchosha. Ile ya wagonjwa nikajua umeandika ili watu wasikuseme vibaya." Aliangalia dole lake. "Nikaona nikutue mzigo."

Nilimwambia tuichane. Nilisema hivyo, tuichane, nitaandika nyingine, nitawarudia wote kumi na tisa.

"Utawaambia nini? Kwamba mzee alikosea kura?"

"Ndiyo."

"Mkutano wa watu ishirini umekwisha. Kura nimeipiga mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono." Akajiegemeza. "Peleka. Ofisi wanafunga saa tisa."

Sikuondoka mara moja. Nilichota maji nikamwosha miguu, na yeye aliniacha nimwoshe. Nilimwambia nitakuja Ijumaa tumalizie gurudumu. Akasema, "Tutaona." Si ndiyo, si hapana. Nilipokuwa mlangoni akaniuliza kama zile ndizi za Alhamisi ziligharimu sana, maana jirani alizila zote.

Rangi ya mafuta haikauki upesi. Karatasi haikukunjika wala kuingia kwenye mkoba, ikabidi niibebe wazi mbele ya kifua changu, kwa mikono miwili, nikapandisha kutoka bondeni hadi Kariakoo katikati ya mikokoteni na watu. Kidole changu gumba kilikuwa karibu kabisa na lile dole. Nusu inchi tu ingetosha. Ningelikorofisha kidogo, wangeikataa, ningerudi, tungeanza upya. Niliwaza hivyo kila hatua. Lakini alikuwa amesema peleka, na mara moja nilishamwamulia jambo bila kumsikia.

Watu walinipisha, wakidhani nimebeba kitu cha maana. Kijana wa bodaboda akanipigia kelele, "Dada, hicho cheti cha ndoa?" wenzake wakacheka. Siku nyingine ningemjibu. Nina majibu mengi ya namna hiyo.

Pale ofisini karani alipokea kurasa sita, akazihesabu, akagonga muhuri bila kusoma. Kwenye ukurasa wa mwisho akasita, akaangalia ncha ya kidole chake, kilikuwa na bluu.

"Hili mbona bichi?" akasema.

Nikamwambia, litakauka. Akasogeza karatasi kando, dirishani, akaita anayefuata.